Mbagala: Zege Kwanza, Basi Baadaye

Kosa la mabasi ya mwendokasi ya Mbagala, Dar es Salaam, lilifanyika mezani, kabla ya greda la kwanza kushuka Barabara ya Kilwa. Mkopo wa awamu ya pili ulipangiwa njia, vituo na karakana, mabasi yakaachwa yatafutiwe mzabuni baadaye. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikopesha pamoja na mfuko wa Africa Growing Together, mkandarasi Sinohydro akaingia kazini 2019, na kilomita 20.3 za zege pamoja na flaiova mbili zimejengwa vizuri. Hapo sina lawama.

Lawama yangu ni mpangilio. Kituo cha mwendokasi kimejengwa kwa basi la aina moja tu: lenye milango ya kulia, sakafu ikilingana na kimo cha jukwaa. Daladala haiwezi kusaidia hapo hata kwa wiki moja. Kwa hiyo kuahirisha basi ni kuahirisha mradi mzima, wakati deni halijaahirishwa. Njia ilikuwa tayari muda mrefu kabla mabasi ya Mofat, mwendeshaji wa njia hiyo, hayajaanza kushushwa bandarini mwaka 2025, na muda wote huo wakazi wa Chamazi na Kongowe wakigombania daladala pembeni mwa njia tupu, isiyoingiza hata nauli moja. Isitoshe, mzabuni anayeitwa zege likiwa limeshakauka anajua serikali inabanwa na wananchi, na masharti yake atayapima kwa shida hiyo. Angeitwa mapema, angeshindanishwa na wenzake na angesikilizwa kuhusu karakana.

Somo hili tulishalipia. Awamu ya kwanza, Kimara–Kivukoni, ilianza Mei 2016 kwa mabasi 140 ya UDA-RT, mtoa huduma wa mpito, na msongamano wa vituoni ukawa sifa yake. Na Jangwani siachi kuitaja: karakana ya awamu hiyo iliwekwa katika bonde la Msimbazi, na mafuriko ya 2018 yakaharibu mabasi. Ni ugonjwa uleule wa kulifikiria basi mwishoni.

Watetezi husema serikali haina kazi ya kununua mabasi, na huitaja Addis Ababa, ambako reli ya mjini ilifunguliwa 2015 ikiwa na treni zake 41, kisha nyingi zikakwama kwa kukosa vipuri. Hoja ya vipuri ni ya kweli, lakini inadai mkataba wa matengenezo usainiwe mapema zaidi. Haihalalishi kuchelewesha chombo. Wala sidai serikali iendeshe basi. Nadai mwendeshaji binafsi apatikane na afungwe na tarehe kabla mkandarasi hajalipwa malipo ya awali.

Oktoba 2012 Harrison Mwakyembe, akiwa Waziri wa Uchukuzi, alianzisha treni ya Ubungo–Stesheni kwa reli iliyokuwepo na mabehewa yaliyokarabatiwa. Ilikuwa huduma ndogo, lakini ilianza na behewa la kumbeba abiria, na abiria akasafiri. Sijaona mpango wa usafiri wa jiji hili uliofikiriwa kwa utaratibu ulionyooka kama ule tangu hapo.

Sasa zamu ni ya Kinondoni, awamu ya nne, Barabara ya Bagamoyo hadi Tegeta, kwa fedha za Benki ya Dunia. Wakala wa DART uchapishe mkataba wa mabasi ya njia hiyo, idadi yake, tarehe ya basi la kwanza na faini ya kila siku ya kuchelewa, kabla kituo cha Tegeta hakijaezekwa.