Mizani ya Kielezi: Namna ya Kuitambua Sentensi Fasaha

Atakaye kuupima ustadi wa mwandishi wa Kiswahili katika kaunti za Migori na Homa Bay, ambako lugha hii hukutana na Kijaluo, Kikuria, Kisuba na Kiingereza sokoni, mahakamani na afisini, asianze kwa kustaajabia misamiati ya fahari, bali atazame kwanza vielezi vimekaa wapi. Kwani neno la wakati, la mahali au la namna, likisogezwa kidogo, huweza kuigeuza maana bila ya kuvunja kanuni hata moja ya sarufi.

Tuchukue, mathalani, tangazo la ufuoni Mbita, la kikundi cha usimamizi wa ufuo (BMU): "Mwenyekiti wa BMU alisema Jumatatu mashua zitakaguliwa." Je, Jumatatu ni siku ya kusema au ya kukaguliwa? Msemaji huikata shaka hiyo kwa kutua, lakini karatasi haitui. Mwandishi hodari huandika, "Mwenyekiti alisema kwamba mashua zitakaguliwa Jumatatu," au, akikusudia siku ya kusema, hulitanguliza neno Jumatatu mwanzoni. Na hilo "kwamba," ambalo wengi huliona la ziada, ndilo mpaka baina ya vitenzi viwili.

Ila ya pili ni kielezi kinachobanwa kati. Huko Awendo, penye kiwanda cha sukari, ukisoma kwamba "mkulima anayepeleka miwa kiwandani mapema hulipwa," hujui kama mapema ni sifa ya kupeleka au ahadi ya malipo. "Anayepeleka miwa mapema kiwandani hulipwa" ni jambo moja. "Anayepeleka miwa kiwandani hulipwa mapema" ni jambo jingine kabisa.

Mtihani mgumu zaidi ni "tu," ambayo hulifuata neno inalolihusu. "Omena huanikwa hapa asubuhi tu" huzuia jioni. "Omena huanikwa hapa tu asubuhi" huzuia mahali pengine. "Omena tu huanikwa hapa asubuhi" huzuia samaki wengine. Kiingereza aghalabu hulitia neno lake la kazi hiyo mbele ya kitenzi, na kumwachia msomaji akisie. Hivyo mfasiri mwenye pupa huitupa "tu" mwishoni, akaharibu kusudio la mwenye maneno.

Basi kipimo ni hiki: isome sentensi kwa sauti moja, pasipo kutua wala kukazia. Ikibaki na maana moja, ni fasaha; ikizaa mbili, mrudishie mwandishi wake, hata ikiwa imepambwa.