Ustadi wa Mwezeshaji

Mwaka 2007 Wizara ya Afya ya Tanzania, kwa msaada wa Japani, ilianza kuingiza hospitalini utaratibu wa 5S-KAIZEN, na Hospitali ya Rufaa Mbeya ikawa ya mwanzo kuujaribu. Utaratibu wenyewe ulizaliwa viwandani Japani, ukapita Sri Lanka, katika hospitali ya akina mama ya Castle Street, ndipo ukatufikia. Hatua zake tano zikapewa majina yetu: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Wodi zikaunda timu za kuboresha kazi. Hatua hizo zimesifiwa sana, na zinastahili. Mimi namsifu mtu asiyetajwa kwenye mabango: mwezeshaji wa timu.

Sehemu kubwa ya ustadi wake ni kujizuia. Anaingia stoo ya wodi, anakuta mabomba ya sindano yamechanganyika na pamba, na dripu zinazokaribia kuisha muda zimefunikwa na zilizoletwa jana. Dawa yake anaijua, lakini haisemi. Anamgeukia mhudumu, yule mama anayepiga deki humo kila alfajiri na ambaye kikaoni hukaa karibu na mlango.

"Mama, dharura ikija usiku, huwa mnahangaika kutafuta nini?"

Kimya. Daktari anataka kujibu. Mwezeshaji anamwomba asubiri kidogo. Mama anaanza kwa sauti ya chini, kisha anachangamka: glavu zinawekwa juu ya kabati kwa kuwa droo ya chini imekwama siku nyingi, na muuguzi mfupi hulazimika kupanda kiti huku mgonjwa anavuja damu. Jambo hilo halimo katika ripoti yoyote ya wodi. Kaoru Ishikawa, mmoja wa waasisi wa vikundi vya ubora vilivyoanza Japani mwaka 1962, aliviwekea msingi huo huo: anayeifanya kazi ndiye achambue kasoro zake.

Kusikiliza peke yake hakutoshi. Timu nyingi huvunjika moyo kwa sababu ombi dogo limelala mezani kwa mkubwa mpaka likasahauliwa. Mwezeshaji hodari hulifuatilia: kwa matroni, kwa katibu wa hospitali, kwa fundi. Droo ikitengenezwa wiki ile ile, yule mama atasema tena kikao kijacho, na wenzake pia watasema.

Hatua ya kushikilia ndiyo ngumu kuliko zote. Muuguzi aliyeibeba timu hupata uhamisho, na miezi michache baadaye lebo zimebanduka. Kwa hiyo mwezeshaji humwandaa mtu wa pili mapema, humwachia aongoze kikao, yeye akakaa nyuma.

Kazi hii wengi huifanya juu ya zamu zao, wakiiba muda wa chakula cha mchana. Huko ni kuwaonea. Muda huo uingizwe kwenye ratiba ya wodi, uandikwe kama zamu nyingine yoyote.