Andika Nyumba, Usimwandike Mnunuzi

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukitaka kuiona methali hiyo ikifanya kazi, soma aya inayokaa chini ya picha za nyumba inayouzwa Washington, D.C., au katika vitongoji vyake vya Maryland na Virginia. Dalali huiandika mara moja katika Bright MLS, mfumo wa pamoja wa madalali wa ukanda huo uliozaliwa 2017 kwa kuunganisha mifumo ya awali. Kutoka hapo inasambaa kwenye tovuti ambazo wanunuzi huzipekua simuni usiku. Ni sentensi chache tu. Lakini anayezisoma ni mtu anayekaribia kubeba mkopo wa miaka 30, na kila neno lililolegea analiona.

Ili kazi ionekane, nimetengeneza nyumba ya mfano. Iko mtaa wa Petworth, kaskazini mwa jiji. Ni ya aina ambayo wajenzi kama Harry Wardman na Morris Cafritz waliijenga kwa wingi mwanzoni mwa karne ya 20: ya matofali, yenye baraza mbele, kuta zake zikiwa zimeungana na za majirani kulia na kushoto. Tangazo lake la kwanza ni hili:

"Nyumba ya kuvutia mno! Ina nafasi tele na jiko la kisasa. Mtaa mzuri na salama, inafaa sana kwa familia changa. Ipo karibu na kila kitu. Njoo ujionee, hutajuta!"

La pili ni hili:

"Nyumba ya matofali ya mwaka 1924, vyumba vitatu vya kulala na bafu mbili. Baraza inatazama mashariki na ina upana wa nyumba nzima. Sakafu ni mbao za mwaloni za tangu ilipojengwa, zilizopigwa msasa na kupakwa vanishi 2022. Jiko lilijengwa upya 2021: kaunta za graniti, makabati ya mbao za mepo, jiko la gesi la pleti tano. Juu ya ngazi kuna dirisha la paani linaloshusha mwanga hadi sebuleni. Besimenti ina mlango wake wa mbele, bafu na jiko dogo. Dari ni futi 7 na inchi 2. Haijawahi kupewa leseni ya kupangisha. Paa ni la 2019. Stesheni ya Metro ya Georgia Ave–Petworth ni dakika tisa kwa miguu."

Nyumba ni ileile. La kwanza linasifu, la pili linataja. Hoja yangu ni kwamba tofauti hiyo ndiyo kiini cha kazi yote ya kuandika tangazo la nyumba, na kwamba inagusa mambo mawili ambayo watu huyatenganisha: bei na haki.

Tuanze na bei. Mwaka 2005, katika kitabu chao Freakonomics, mchumi Steven Levitt na mwandishi Stephen Dubner walichapisha orodha ya maneno kumi ya matangazo ya nyumba. Matano yaliambatana na bei ya juu, na miongoni mwake yalikuwamo graniti, mepo na Corian, jina la kibiashara la kaunta za jikoni. Matano yaliambatana na bei ya chini: neno la kusema nyumba ni ya ajabu, la kusema ina nafasi, la kusema inavutia, lile la mtaa mzuri, na alama ya mshangao. Rudi kwenye tangazo letu la kwanza. Karibu orodha nzima ya bei ya chini imo, na alama ya mshangao imo mara mbili.

Tusiielewe vibaya orodha hiyo. Neno graniti halipandishi bei kwa nguvu zake lenyewe. Graniti iliyopo jikoni ndiyo yenye thamani, nalo neno linapeleka habari zake. Kinachofundisha zaidi ni namna mnunuzi anavyousoma ukimya. Dalali mwenye kaunta ya graniti huitaja. Asiye nayo husema jiko la kisasa. Mnunuzi aliyekwisha kusoma matangazo hamsini anaijua tofauti hiyo hata kama hawezi kuieleza, na akikutana na sifa tupu anahisi kuwa kitu cha kutaja kilikosekana. Ndiyo maana sifa zinaweza kuishusha nyumba ambayo haina kasoro yoyote. Mwenye nyumba alikuwa na sakafu ya mwaloni ya miaka mia, na mwandishi wake akampa neno ambalo hata nyumba inayovuja ingeweza kulitumia.

Kuna ushahidi wa upande wa pili, na ni haki kuuweka mezani. Mwaka 2015 viongozi wawili wa kampuni ya Zillow, Spencer Rascoff na Stan Humphries, katika kitabu Zillow Talk, walieleza kuwa nyumba za bei ya chini zilizotangazwa kwa neno la anasa ziliuzwa kwa takriban asilimia 8 zaidi ya ilivyotarajiwa. Anasa ni sifa, si kitu. Nadhani maelezo yake ni haya: katika nyumba za bei ya chini ni vigumu kulitamka neno hilo bila ya kuwa na kitu cha kulishikilia, kwa kuwa mnunuzi akifika na kukuta uongo anageuza gari mlangoni. Sifa ilifanya kazi pale ilipokuwa na kitu nyuma yake.

Sasa tusogee karibu na sentensi mbili za tangazo la pili. Nyumba iliyobanwa na majirani pande zote mbili hupata mwanga mbele na nyuma tu. Chumba cha katikati huweza kuwa na giza saa saba mchana. Anayeijua nyumba ya aina hii ataingia akiwa na swali moja kichwani: mwanga unatoka wapi? Baraza inayotazama mashariki inamjibu kuhusu asubuhi. Dirisha la paani linalomwaga mwanga kwenye ngazi linamjibu kuhusu katikati ya nyumba. Mwandishi hakusema nyumba ina mwanga mwingi. Alionyesha mahali mwanga unapopitia. Na paa la 2019 limeandikwa kwa sababu hiyohiyo. Picha inaweza kuonyesha kaunta, lakini haiwezi kuonyesha umri wa paa. Maneno yaachiwe kazi ambayo picha haiwezi.

Halafu kuna dakika tisa. Tangu treni za Metro zilipobeba abiria wa kwanza Machi 27, 1976, maisha ya watu wengi hapa yamejipanga kwa kuzunguka stesheni, na mtu anayekwenda kazini kila siku anahitaji namba, si faraja. Atatembea mwenyewe na saa mkononi kuihakiki. Uangalifu huohuo unahitajika kwenye anwani. Jiji limegawanywa sehemu nne kwa mistari inayoanzia jengo la Bunge, na namba ileile ya nyumba kwenye mtaa wa jina lilelile inaweza kuwapo zaidi ya mara moja. Ukisahau kuandika kama ni kaskazini magharibi au kusini mashariki, mnunuzi wako atasimama mbele ya mlango wa mtu mwingine.

Besimenti ndipo tangazo linapopimwa kwa futi kamba. Nyumba nyingi za zamani hapa zina ghorofa iliyozama nusu ardhini yenye mlango wake wa mbele, na wenye nyumba hupenda kuijumlisha ili namba ya futi za mraba ionekane kubwa. Lakini tangu Aprili 1, 2022, Fannie Mae, shirika kubwa la kununua mikopo ya nyumba lenye makao makuu papo hapo Washington, limewataka wathamini wapime kwa kanuni ya ANSI, taasisi ya viwango ya Marekani. Kwa kanuni hiyo, ghorofa ambayo hata sehemu yake iko chini ya usawa wa ardhi haichanganywi na zilizo juu. Huandikwa peke yake. Dari nayo iwe na futi 7 au zaidi. Kwa hiyo tangazo lililojumlisha kila kitu litakutana na ripoti ya mthamini wakati mnunuzi amekwisha kutoa ahadi, na hapo ndipo mashaka yanapoanza kuingia kila pembe. Sentensi isemayo kuwa besimenti haijawahi kupewa leseni ya kupangisha inaonekana kama udhaifu. Mimi naiona ndiyo sentensi bora ya tangazo zima. Kupangisha jijini kunahitaji leseni, na muuzaji anayekiri hili mapema anaaminika katika yote mengine aliyoyasema.

Nageukia haki, kwa sababu tangazo la kwanza lina kosa lililo zito kuliko uvivu wa maneno. Linasema nyumba inafaa kwa familia changa. Hapo mwandishi ameacha kuieleza nyumba na ameanza kumchagua mnunuzi. Mjane anayesoma, mzee, kijana asiye na watoto, wote wameambiwa kwa upole kuwa hawakufikiriwa.

Katika mji huu maneno ya namna hiyo yana historia chungu. Mwaka 1906, viwanja 20 kati ya 31 vya kipande kimoja cha Bryant Street, kaskazini magharibi, viliuzwa kwa sharti kwamba kamwe visiuzwe wala kupangishwa kwa mtu mweusi, na atakayevunja atozwe dola 2,000. Sentensi moja ndani ya hati ilifunga milango kwa zaidi ya miaka 40, hadi Mei 3, 1948, Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua katika kesi ya Hurd dhidi ya Hodge kuwa mahakama za jiji haziwezi kulitekeleza sharti hilo. Wakili aliyewatetea wanunuzi weusi alikuwa Charles Hamilton Houston.

Baada ya hati yakafuata matangazo. Sheria ya haki katika makazi ilitiwa saini na Rais Lyndon Johnson Aprili 11, 1968, siku saba baada ya Martin Luther King kuuawa, mitaa ya Washington ikiwa imetoka kuungua. Sheria hiyo inakataza kuchapisha tangazo linaloonyesha upendeleo kwa rangi, dini au asili ya mtu. Jinsia iliongezwa 1974. Ulemavu na hali ya kuwa na watoto, 1988. Jiji lenyewe, kwa sheria yake ya haki za binadamu ya 1977, lilikwenda mbali zaidi na kugusa mambo kama umri, ndoa na chanzo cha kipato.

Na ubaguzi hauhitaji neno. Katika miaka ya 1980 kulikuwa na matangazo ya makazi kwenye gazeti la Washington Post, yakiwamo ya Colonial Village iliyopo Arlington, ambayo yalilalamikiwa kuwa watu wote waliopigwa picha ndani yake walikuwa Wazungu. Taasisi za kutetea haki za makazi zilikwenda mahakamani. Mwaka 1990, katika kesi ya Spann dhidi ya Colonial Village, mahakama ya rufaa ya Washington iliamua kuwa taasisi hizo zina haki ya kushtaki. Aliyeandika uamuzi ni Jaji Ruth Bader Ginsburg, miaka mitatu kabla hajaingia Mahakama Kuu. Msomaji mweusi hakuambiwa asije. Alionyeshwa tu kwamba hayumo.

Madalali waliingiwa na hofu, wengine wakaogopa hata kutaja mandhari au njia ya kutembea. Januari 1995 wizara ya nyumba ya Marekani, HUD, ikatoa waraka wa kuwatuliza: kueleza nyumba, mtaa tulivu, mandhari au umbali wa kutembea si kosa, maadamu maneno hayamchagui wala kumkataa mtu. Sheria, kwa hiyo, haimzibi mwandishi mdomo. Inamrudisha kwenye kazi yake, na ni kazi ileile ambayo soko linamlipa kwayo.

Hapa ndipo bei na haki zinapokutana. Tangazo la pili limetaja vyumba vitatu, besimenti yenye bafu, stesheni ya dakika tisa. Mama mwenye watoto watatu ataiona nafasi yake humo. Vivyo hivyo Mkenya wa Silver Spring, Maryland, anayetarajia wazazi waje kukaa miezi sita, na vivyo hivyo mwalimu mstaafu anayeishi peke yake. Kila mmoja amejiingiza mwenyewe. Tangazo lililochagua mnunuzi mmoja limewapoteza wawili, na nyumba inayogombewa na watatu haiuzwi kwa bei ya nyumba inayotazamwa na mmoja.

Somo hili halikomei ukingoni mwa Potomac, mto wa Washington. Dar es Salaam tunasoma kila siku kuwa kiwanja kiko dakika tano kutoka lami, maji na umeme vipo, hati safi, maongezi yapo. Dakika tano za miguu au za bodaboda? Maji ya bomba yanayotoka siku ngapi kwa wiki, au ya kisima? Hati ya wizara, au karatasi ya serikali ya mtaa? Katika mji ambao watu huandika kwa rangi ukutani kwamba nyumba hii haiuzwi, kwa kuogopa matapeli, anayejibu maswali hayo ndani ya tangazo lenyewe ana mtaji ambao mwenzake hana. Mnunuzi amechoka kupotezewa nauli.

Kipimo ninachokitumia ni kimoja. Baada ya kuandika, simama katikati ya nyumba na usome kila sentensi kwa sauti. Je, mtu aliye pembeni yako anaweza kuihakiki kwa macho, kwa futi kamba, kwa saa au kwa karatasi? Ikiwa anaweza, iache. Ikiwa inasifu tu, inamchagua mnunuzi au inambembeleza, ifute na utafute kitu kilichokuwa kimejificha nyuma yake.

Nyumba za matofali za Bryant Street bado zimesimama. Zinapouzwa siku hizi, mwandishi ana matofali, baraza, ngazi na mwanga wa kuandika habari zake, na hakuna hata mstari mmoja unaosema nani aingie. Hiyo ni kazi ya mikono ya watu wengi waliokwenda mahakamani. Anayekalia kiti cha kuandika tangazo leo anairithi, na anaitunza kwa kuhesabu madirisha vizuri.