Vidole vya Tony Iommi, na kile tunachokiita baraka

Kuna kisa kimoja ambacho shabiki wa hevi metali anakijua hata kama hajawahi kumaliza kitabu maishani. Kijana wa miaka 17, Birmingham, Uingereza, yuko kiwandani siku yake ya mwisho ya kazi. Mtu wa mashine ya kukandamizia mabati hakuja, basi kijana anaambiwa ashike nafasi yake. Mashine inashuka na ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia zinakwenda. Na kwa kuwa kijana ni wa mashoto, huo mkono wa kulia ndio anaobania nyuzi za gitaa.

Kijana huyo ni Tony Iommi wa Black Sabbath. Mwaka 2011 alitoa tawasifu, *Iron Man*, akisaidiwa na T.J. Lammers. Nimeimaliza, na nina neno.

Ugomvi wangu wa kwanza ni na sisi wasomaji, wala si na kitabu. Tumekizoea kisa hiki mpaka tunakisimulia kama mahubiri: kumbe ajali ilikuwa baraka, ati bila vidole kukatika tusingepata ile sauti nzito. Hapana bwana! Ni wangapi walikatwa vidole viwandani na hatujawahi kusikia albamu zao? Mashine haimfundishi mtu muziki.

Tena Iommi mwenyewe, ukimsoma kwa makini, anatuonyesha kitu kingine kabisa: kazi. Msimamizi wa kiwanda anamletea sahani ya Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyeharibiwa vidole viwili na moto mwaka 1928 na bado akapiga. Iommi anayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, anatengeneza vifuniko vya vidole, anavibandika ngozi ili visiteleze. Nyuzi za kawaida zinamuumiza, basi anatumia nyuzi nyembamba za banjo. Ilipofika *Master of Reality*, mwaka 1971, alikuwa ameshalegeza nyuzi katika baadhi ya nyimbo ili zibanike kwa urahisi, na sauti ikashuka chini, ikawa nzito zaidi. Kurasa hizi ndizo bora kuliko zote. Hajihurumii. Anaeleza kama fundi anayekuonyesha alivyounga kiti kilichovunjika.

Ndiyo maana sehemu nyingine iliniudhi. Wakati wa kurekodi *Heaven and Hell*, iliyotoka 1980, Iommi alimmwagia mpiga ngoma wao, Bill Ward, kimiminika cha studio na kumwasha moto, kwa mzaha. Ward aliungua vibaya miguuni. Kitabuni tukio hili linakaa pamoja na vituko vingine vya kuchekesha, kisha tunasonga mbele. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Huyu ameumwa, halafu anamrushia mwenzake nyoka na kucheka. Nilitegemea mtu anayejua mwili ulioharibika unavyouma, na unavyoweza kumkatia mwanamuziki riziki, angetulia hapo hata kwa aya moja. Sisemi alie. Nasema atulie.

Sura fupi fupi zinamsaidia kukwepa. Kila jambo likianza kuwa gumu, sura imekwisha, tuko kwenye ziara nyingine, na mwimbaji mwingine. Yeye ndiye pekee aliyepiga kwenye albamu zote za studio za bendi hiyo, toka 1970 hadi 2013. Wengine waliondoka, wakarudi, wakaondoka tena. Kwa nini yeye alibaki? Kitabu kinatupa ratiba. Jibu inabidi ulitafute mwenyewe, na mimi nimelipata kwenye zile kurasa za plastiki na ngozi: mtu aliyelazimika kujitengenezea vidole hawezi kuacha kirahisi kile alichovitengenezea.

Kisomeni. Na aliyekwisha kukisoma aniambie kama kwa habari ya Ward nimemwonea mzee wa watu.