Alama 88 na sifuri: Remember Monday walivyopanga sauti na walivyokosa kura

Usiku wa tarehe 17 Mei 2025, katika ukumbi wa St. Jakobshalle mjini Basel, Uswisi, Lauren Byrne, Holly-Anne Hull na Charlotte Steele waliiwakilisha Uingereza kwenye fainali ya Eurovision. Majaji waliwapa alama 88, nafasi ya 10 kati ya nyimbo 26. Zilipotangazwa kura za watazamaji, wakapata sifuri. Jumla ikabaki 88 ileile, na kundi lao, Remember Monday, likaporomoka hadi nafasi ya 19.

Nimeurudia wimbo wao mara nyingi tangu hapo, kwa sababu kazi ya sauti iliyomo ni ya daraja la juu na inaniuma kuona inakumbukwa kwa sifuri tu. Hoja yangu ni kwamba 88 na sifuri zilitoka chungu kimoja. Yale yaliyomfanya jaji auweke wimbo huu juu ya nyingine nyingi ndiyo yaliyomfanya mtazamaji asiguse simu.

Tuanze na hesabu. Kila nchi hutoa mafungu mawili ya alama, moja la majaji na jingine la watazamaji. Kila fungu lina 12, 10, kisha 8 kushuka hadi 1, na huishia kwenye nyimbo kumi. Wimbo wa 11 haupati kitu. Mwaka ule nchi shiriki zilikuwa 37, na kura za mtandaoni za watu wa nchi zisizoshiriki zikahesabiwa kama nchi moja ya nyongeza. Wimbo unaweza kushika nafasi ya 11 kila mahali, ukawa umepigiwa kura nyingi kuliko zaidi ya nusu ya nyimbo zote, na bado ukatoka mikono mitupu.

Tofauti kubwa zaidi iko katika namna makundi haya mawili yanavyoamua. Jopo la mwaka 2025 lilikuwa na watu watano kwa kila nchi, wote wa tasnia ya muziki. Hawakupiga kura usiku wa fainali. Waliangalia onyesho kamili la Ijumaa usiku, na kila mmoja alilazimika kupanga nyimbo zote, isipokuwa wa nchi yake, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Vigezo vyao vimeandikwa: utunzi na upya wake, uwezo wa sauti, ubora wa onyesho la jukwaani, na mvuto wa kazi kwa ujumla. Mtu aliyekaa nyumbani hapangi chochote. Anapigia kura wimbo mmoja au nyimbo mbili zilizomkaa moyoni, na kanuni za wakati huo zilimruhusu kupiga hadi kura 20. Kuhusu nyimbo nyingine zote yuko kimya. Kwa hiyo wimbo ambao watu wengi wanaukubali, lakini hakuna anayeupenda kuliko yote, huvuna kwa majaji na kukauka kwa watazamaji. Gawanya 88 kwa majopo 36 yaliyoweza kuipa Uingereza alama: ni takriban mbili na nusu kwa kila jopo. Usiku uleule mwenyeji, Zoë Më wa Uswisi, alipata alama 214 za majaji, nafasi ya pili kwao, na sifuri ya watazamaji.

Wapo wanaosema Ulaya imeichukia Uingereza tangu ilipojitoa kwenye Umoja wa Ulaya. Siikubali hoja hiyo. Mwaka 2022, baada ya kujitoa, Sam Ryder alishika nafasi ya pili kwa alama 466, na 183 kati ya hizo zilitoka kwa watazamaji. Ni kweli kwamba James Newman alipata sifuri pande zote mbili mwaka 2021, na Olly Alexander akapata 46 za majaji na sifuri ya watazamaji mwaka 2024. Lakini bendera ilikuwa ileile mwaka 2022, na simu zikapigwa. Tuutazame wimbo wenyewe.

Unaitwa "What the Hell Just Happened?" na uliandikwa na wasichana wenyewe wakishirikiana na watunzi wengine, akiwemo Thomas Stengaard, mmoja wa waandishi wa wimbo ulioipa Denmark ushindi mwaka 2013. Unasimulia asubuhi baada ya usiku wa vurugu: mtu anaamka, anaangalia uharibifu, anajaribu kukumbuka. Watatu hawa walianza kuimba pamoja wakiwa wanafunzi huko Farnborough, wakapita kwenye shindano la The Voice mwaka 2019, na wakalelewa na majukwaa ya tamthilia za muziki za London. Hull aliigiza Christine katika The Phantom of the Opera. Byrne alikuwa kwenye Six. Malezi hayo yanasikika tangu sekunde za mwanzo. Wanaimba kwa ajili ya mtu aliyeketi safu ya nyuma kabisa: herufi zinakatwa safi, kila mstari una uso wake, na kila pumzi imepangwa.

Mpangilio wa sauti ndio fahari ya kazi hii. Sauti tatu zinatosha kukamilisha do, mi na so, lakini hazibakizi ya akiba. Katika kwaya ya watu arobaini, mwimbaji mmoja wa sauti ya pili akiteleza, jirani yake anamfunika. Hapa Steele akiteleza, au Byrne, umoja wote unavunjika na sikio la kila mtu linajua. Zaidi ya hapo, hawakai kila mmoja kwenye ngazi yake. Wanapokezana kuongoza, kisha anayeongoza anarudi ndani ya kundi na kulazimika kutafuta noti mpya huku mwili ukiwa kwenye mwendo. Ugumu huo hauonekani kwenye televisheni. Mwanamuziki anausikia mara moja, na mwanamuziki ndiye aliyeketi kwenye jopo.

Kanuni inataka sauti kuu ziimbwe moja kwa moja, ingawa tangu mwaka 2021 nchi zinaruhusiwa kuweka sauti za kuitikia zilizorekodiwa kabla. Kundi la mwisho la wasichana kuiwakilisha Uingereza kabla yao, Precious, waliimba mjini Jerusalem mwaka 1999 wakiwa watano, mwaka wa kwanza shindano kufanyika bila okestra, na walimaliza nafasi ya 12. Wakati ule kila sauti ilipaswa kutoka jukwaani. Leo makundi mengi ya pop hujaza kiitikio kwa rekodi na kuacha mwili ucheze. Remember Monday waliujenga wimbo wao juu ya kitu ambacho rekodi haiwezi kukiokoa: zipo nafasi ambapo ala zinanyamaza na sauti tatu zinabaki uchi. Walizipita salama.

Sasa mwendo wa wimbo. Dakika tatu ndiyo mwisho wa urefu unaoruhusiwa. Ndani ya dakika hizo wimbo huu unabadili kasi zaidi ya mara moja: unaruka, unapunguza mwendo ghafla, unasimama, unaondoka tena. Kwa simulizi ya mtu aliyeamka akiwa na kizunguzungu, uamuzi huo una mantiki, na kwenye tamthilia ya saa mbili ungefanya kazi vizuri sana, maana hadhira ingekuwa tayari inamjua mhusika. Eurovision haina mhusika anayejulikana. Mtazamaji anayesikia wimbo kwa mara ya kwanza hutumia ubeti wa kwanza kutafuta mapigo. Akishayapata anaanza kutikisa kichwa, na hapo mwili unapoanza kuukubali wimbo ndipo kura huzaliwa. Hapa kila anapoyapata mapigo, yanabadilishwa. Anabaki akistaajabia ustadi wa watu wengine, bila nafasi ya kuingia.

Waliimba wa nane. Wa tisa alikuwa JJ wa Austria, aliyeshinda kwa alama 436. Kwa hiyo nafasi ya mapema kwenye orodha si kisingizio. Mshindi alifuata mara moja baada yao. Na wimbo wake nao unageuka: unaanza kama opera, kwa sauti nyembamba ya juu ya mwanamume aliyefundishwa kuimba opera, unaishia kwenye mdundo wa tekno. Lakini unageuka mara moja, karibu na mwisho, baada ya kumtesa msikilizaji kwa kumchelewesha mpaka anatamani kitu kilipuke. Geuko moja lililosubiriwa linakumbukwa. Mageuko mengi yaliyopangwa karibu karibu yanafutana.

Jukwaa liliongeza mzigo. Nyuma yao palikuwa na kinara kikubwa cha taa kilichoanguka chini, mavazi yalikuwa ya mtindo wa wanawake wa kitajiri wa Uingereza ya miaka mia mbili iliyopita, na nyuso zilikuwa zikiigiza mshangao kwa kila mstari. Ni picha nzuri na ilitekelezwa kwa nidhamu. Tatizo langu ni kwamba picha, maneno na mwendo wa wimbo vyote vilikuwa vikisema jambo lilelile, vurugu, kwa wakati mmoja. Jicho halikupewa mahali pa kutulia ili sikio lifanye kazi yake. Zile sekunde ambazo ala zinanyamaza zilihitaji kamera isimame kwenye nyuso tatu na iachwe hapo.

Tuwalinganishe na wasichana wengine watatu. Hurricane wa Serbia, Sanja Vučić, Ivana Nikolić na Ksenija Knežević, waliimba "Loco Loco" mjini Rotterdam mwaka 2021. Mdundo mmoja tangu mwanzo, kiitikio ambacho mtoto angekishika, mashabiki wa nywele na dansi wakapata walichotaka. Majaji waliwapa alama 20. Watazamaji waliwapa 82. Walimaliza nafasi ya 15, juu ya nafasi ambayo Remember Monday wangeipata miaka minne baadaye kwa sauti zilizopangwa vizuri zaidi mara kadhaa. Siandiki hivi kuwashusha Hurricane. Walijua wanamwimbia nani na wakamfikia.

Mtu anaweza kuhitimisha kwamba sauti zilizopangwa kwa ustadi haziuziki kwa umma. Basel yenyewe inakanusha. Wa 11 kupanda jukwaani usiku ule walikuwa Tautumeitas wa Latvia, wanawake sita wakiimba "Bur man laimi" kwa Kilatvia, lugha ambayo wapiga kura wengi hawajui hata neno lake moja. Muziki wao ni wa sauti zinazosukana, wenye mizizi kwenye nyimbo za jadi za kwao, na ugumu wake haupungui ule wa Waingereza. Majaji waliwapa 116, watazamaji 42, jumla 158 na nafasi ya 13. Ufundi wao umejengwa juu ya marudio. Mstari unarudi, sauti moja inaongezeka, unarudi tena, nyingine inaongezeka. Msikilizaji anashika uzi mara moja na baada ya hapo kila safu mpya inamfurahisha, kwa kuwa anajua inawekwa juu ya nini.

Kuna jambo jingine lililowatenganisha. Latvia ilipita kwenye nusu fainali ya pili, na mwaka 2025 nusu fainali ziliamuliwa na watazamaji peke yao. Mwaka ule Uingereza ilikuwa miongoni mwa nchi tano zilizochangia zaidi gharama, kwa hiyo iliingia fainali moja kwa moja. Remember Monday waliimba kwenye nusu fainali ileile ya tarehe 15 Mei, lakini bila kupigiwa kura. BBC iliwachagua ndani kwa ndani, bila shindano la umma nyumbani. Matokeo yake ni kwamba hakuna hatua hata moja ambapo watu wa kawaida waliulizwa kama wangeupigia kura wimbo huu, hadi usiku ambao jibu lilikuwa limeshachelewa. Kwa wasanii waliojitolea hivi, naona huo ni uzembe wa mfumo.

Kwa mwaka 2026 waandaaji walibadili kanuni: majopo yaliongezwa hadi watu saba wakiwemo vijana, majaji walirudishwa kwenye nusu fainali, na kura za mtazamaji mmoja zikapunguzwa kutoka 20 hadi 10. Ukomo wa nyimbo kumi kwa kila nchi haukuguswa, hivyo wimbo wa 11 kila mahali bado utapata sifuri.

Ningepewa wimbo huu kabla ya Basel, nisingegusa sauti hata moja. Ningefuta mabadiliko yote ya kasi isipokuwa lile la mwisho, ningekiacha kiitikio kirudi mara tatu kwa mwendo uleule, na sauti tatu ningeziingiza kwa zamu: moja kwenye kiitikio cha kwanza, mbili kwenye cha pili, na zote tatu kwenye cha tatu, ala zikiwa zimenyamaza.