Hadibodi na Rangi ya Baiskeli

Rangi aliyoitumia mchoraji Edward Saidi Tingatinga haikutengenezwa kwa ajili ya sanaa. Ilikuwa rangi ya mafuta, ile ing'aayo, inayopakwa kwenye baiskeli na milango. Turubai hakuwa nayo. Alichukua hadibodi ya kawaida ya ujenzi, akaikata mraba wa kama sentimita 60 kila upande. Mwaka 1968, Msasani, Dar es Salaam, akaanza kuchora wanyama na ndege. Mwaka 1972 alikuwa marehemu. Katika muda huo mfupi aliacha shule ya uchoraji isiyokuwa na jengo wala ada, na hiyo shule ndiyo ninayoisifu hapa zaidi hata ya picha zake.

Alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru. Alipitia mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akaja Dar es Salaam kutafuta riziki kama vijana wengi wa kusini, akafanya kazi za nyumbani kwa Mwingereza, na baadaye akawa mhudumu katika hospitali ya Muhimbili. Picha zilipokauka, mkewe, Agatha Mataka, ndiye aliyekuwa akiziuza pale Morogoro Stores, Oysterbay, ambako wageni wengi walikuja kununua mahitaji yao. Agatha anatajwa kwa uchache mno katika habari za sanaa hii. Mchoraji asiye na wa kumuuzia hulala na picha zake.

Kazi yenyewe inataka subira. Fundi huanza na mandhari ya nyuma: hupaka rangi moja juu, nyingine chini, na kabla hazijakauka huzisugua mpaka zikutane bila kuacha mpaka, mbingu ikashuka taratibu kuwa ardhi. Kisha ubao huwekwa kando. Rangi ya mafuta haiharakishwi. Ukiigusa mapema inachafuka, na siku nzima imepotea. Ikikauka, huja umbo la mnyama kwa rangi moja tupu. Husubiriwa tena. Ndipo hufuata madoa ya chui, manyoya ya kanga, kucha, masharubu, kila kitu kwa ncha ya brashi iliyopunguzwa nywele mpaka ikabaki nyembamba. Mimi hutazama jicho kwanza. Mkono uliokomaa huliweka jicho mara moja, na mnyama akakutazama. Mkono mchanga hulirudiarudia, na mnyama akabaki amepigwa butwaa.

Tingatinga hakuificha siri hii. Aliwaita jamaa zake wakae naye, wapake mandhari, waige, wakosee, mpaka waweze kujitegemea: January Linda, Ajaba Abdallah Mtalia, Kasper Tedo, Simon Mpata, Omari Amonde. Kwa mtu asiye na mali, kuwapa wenzake njia ya kula ni ukarimu mkubwa kuliko fedha. Alipouawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu, kazi ingeweza kufa naye. Haikufa, kwa sababu ilikuwa tayari mikononi mwa watu. Wanafunzi hao wakawafundisha ndugu zao, nao wakawafundisha wengine, na mwaka 1990 wachoraji wakajiunga rasmi kuwa chama cha ushirika, wakiendelea kuchora na kuuza pale pale karibu na Morogoro Stores. Mpata alivuka hadi Nairobi, na leo kuna hoteli ya kitalii huko Maasai Mara yenye jina lake.

Wapo wasomi wa sanaa wanaoikunjia uso kazi hii: chui wale wale, kilele kile kile cha Kilimanjaro, bidhaa ya watalii. Ni kweli kwamba soko limewalazimisha wengi kurudiarudia kinachouzika. Lakini hukumu hiyo inapita mbali na ukweli. Kuiga ndiko kulikokuwa darasa la Msasani, na waliolipita darasa hilo walikwenda walikotaka. Mohamed Charinda alichora historia na simulizi za watu. David Mzuguno alijaza ubao kwa misitu mizito, majani juu ya majani. Mtu akisema hao wote wanafanana, basi hajasimama mbele ya picha zao kwa muda wa kutosha. Na ada za watoto wangapi wa Kinondoni zimelipwa kwa twiga mmoja baada ya mwingine? Sioni aibu yoyote katika hilo.

Aibu ninaiona kwetu sisi wenyeji. Kwa zaidi ya miaka 50 picha hizi zimepakiwa kwenye masanduku ya wageni, huku kuta za sebule na ofisi zetu zikipambwa kwa mabango ya maporomoko ya maji ya nchi tusizozijua. Wenye nyumba, wakuu wa shule, wenye hoteli na zahanati wa Dar es Salaam: nendeni Msasani. Wapelekeni watoto wakaone mandhari ikisuguliwa na jicho likiwekwa. Nunueni picha kwa bei ya haki, msipunje. Na kabla hamjaitundika, someni jina lililoandikwa pembeni mwake, maana aliyeichora si Tingatinga. Ni fundi aliye hai, mwenye familia, na anastahili kujulikana kwa jina lake.