Mswada, Mhariri na Mhakiki: Maktaba ya Chuo Kikuu katika Utafiti wa Tenzi

Katalogi ya J.W.T. Allen (1970) iliwafungulia watafiti hazina ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyohifadhiwa katika maktaba ya chuo kikuu jijini Dar es Salaam. Hata hivyo, tahakiki nyingi za tenzi hukomea kwenye matoleo ya hati ya Kilatini. Udhaifu huo si mdogo. Katika miswada mingi ya hati ya Kiarabu, irabu /o/ na /u/ huandikwa kwa alama moja. Neno lile lile laweza kusomwa "choma" au "chuma". Anayeamua ni mhariri. Mhakiki asiyeurejelea mswada humhakiki mhariri akidhani anamhakiki mshairi. Vyuo vikuu vya ukanda huu havina budi kuifundisha hati hiyo katika uzamili, kabla ya tasnifu kuandikwa.